YouTube kwa mwalimu wa darasa la mtandaoni: inaleta wanafunzi, haiwaandikishi

Mwalimu anayefundisha kwa Zoom au Google Meet na kupokea ada kwa simu ana tatizo moja ambalo programu za kufundishia hazimtatulii: mwanafunzi asiyemjua hana njia ya kumfikia. Kiungo cha Meet hakuna anayekitafuta. Kundi la WhatsApp, hata likifika watu 1,024 ambao ndio kikomo chake, aliye nje haoni hata ujumbe mmoja. Google Classroom imefungwa kwa makusudi; huingii bila msimbo au mwaliko. Ndiyo maana hapa tunaipima YouTube kama mlango tu, yaani mahali ambapo mwanafunzi aliyekwama saa nne usiku anaweza kukutana na mwalimu ambaye hajawahi kusikia jina lake. Kama mahali pa kufundishia ina mapungufu mengi, na hayo si mjadala wa leo.

Kwa kupatikana, hatujaona huduma ya bure inayoikaribia. Kwa kuandikisha wanafunzi ni dhaifu, na udhaifu huo tutaueleza. Nguvu yake haitokani na picha zenye rangi kali wala wingi wa waliojiunga na chaneli. Inatokana na jina unalolipa somo lako, na hapo ndipo walimu wengi wazuri wanapopotea.

Chukua mada ya umbali kati ya miji miwili juu ya uso wa dunia. Tanzania imezoeleka kufundishwa kidato cha tatu kwa jina la "The Earth as a Sphere". Kenya, kwenye mfumo wa 8-4-4, iko kidato cha nne na inaitwa "Longitudes and Latitudes". Hesabu ni ileile. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,370 au 6,400 kadiri swali linavyosema, na kosa la wanafunzi ni lilelile pande zote mbili za mpaka: wanasahau kuzidisha kwa kosaini ya latitudo pale wanapopima umbali kufuata duara dogo. Lakini mwanafunzi wa Morogoro na mwenzake wa Kakamega hawaandiki maneno yanayofanana kwenye kisanduku cha kutafutia. Video yenye jina moja tu inampata mmoja na kumkosa mwingine. Na video iitwayo "Kipindi cha 7 LIVE, Hisabati na Mwalimu wenu" inawakosa wote wawili.

Jina linalofanya kazi ni la namna hii: "Earth as a Sphere | Longitudes and Latitudes | Form 3 na Form 4 | Umbali kati ya miji miwili". Hizo ni herufi 92 ukihesabu na nafasi, na kikomo cha YouTube ni 100. Kwenye simu maneno ya mwisho hukatwa, kwa hiyo lililo muhimu litangulie na jina la mwalimu lije mwisho au lisiwepo kabisa. Jina lako tayari liko kwenye chaneli, chini ya kila video.

Swali la lugha linawasumbua walimu wengi kuliko inavyostahili. Sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi anatafuta kwa jina la Kiingereza lililoko kwenye daftari lake hata kama anataka maelezo kwa Kiswahili. Weka mada kwa Kiingereza, kisha ongeza maneno machache ya Kiswahili ili ajue kwamba hapa ataelezwa kwa lugha anayoielewa. Maneno hayo machache ndiyo yanayomfanya abofye kwako na kuliacha somo la mwalimu wa Marekani au India lililo juu yako. Kwa shule za msingi za serikali mambo ni kinyume: "Hisabati darasa la saba, sehemu na desimali" inatosha. Somo la Kiswahili lenyewe lina hadhira mbili zisizokutana. Mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma anaandika "ngeli za nomino", ilhali mgeni anayejifunza Kiswahili akiwa Ujerumani anaandika "Swahili noun classes". Hizo ni video mbili. Usijaribu kuwahudumia wote kwa moja, maana mgeni huyo anahitaji kuambiwa kwa nini ni "kitabu kizuri" na si "kitabu mzuri", jambo ambalo mtoto wa Dodoma alilijua kabla hajaanza shule.

Maneno ya wanafunzi hayabuniwi, yanasomwa. Fungua YouTube kwenye dirisha fiche la kivinjari ili historia yako isichanganye majibu, andika neno la kwanza la mada na usibonyeze chochote. Mapendekezo yanayoshuka chini ni maneno ambayo watu huyatafuta kweli. Ongeza herufi moja moja baada ya mada, "a", "b", "c", uone yanavyobadilika. Yanakili yote kabla ya kurekodi, si baada, kwa sababu mara nyingi yatakuonyesha kwamba wanafunzi hawatafuti mada nzima bali kona moja ya mada. Baada ya video kukaa wiki kadhaa, ingia YouTube Studio, ukurasa wa kuendeshea chaneli yako, sehemu ya takwimu, kwenye vyanzo vya watazamaji, ubofye utafutaji wa YouTube. Utaona maneno halisi yaliyowaleta. Ikiwa maneno hayo hayamo kwenye jina la video, badilisha jina. Ruhusa hiyo unayo siku zote, na kiungo cha video hakibadiliki. Ripoti hii pekee inatosha kuifanya YouTube ishinde huduma nyingine za bure: inakuambia mwanafunzi aliliitaje tatizo lake.

Maelezo yaliyo chini ya video yana nafasi ya herufi 5,000, na walimu wengi huyaacha matupu au huyajaza maombi ya kupendwa na kusambaziwa. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabofya, basi itumie kusema somo ni la nani na linajibu nini. Kisha weka sura, yaani orodha ya muda na kichwa cha kila sehemu ya video, ambazo tunazihesabu kuwa kifaa bora kuliko vyote kwa somo la hesabu au sayansi. Masharti yake ni haya: muda wa kwanza uwe 0:00, sura zisipungue tatu, zifuatane kwa mpangilio wa muda, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Kosa la kawaida ni kuanzia 0:15 kwa kuwa ndipo salamu zinapoishia. Ukifanya hivyo sura zote hazitokei, wala hupati ujumbe wa kukuonya. Kwa somo letu la dunia zingekaa hivi:

0:00 Swali lenyewe
1:10 Duara kubwa na duara dogo
4:35 Umbali kufuata longitudo moja
9:20 Umbali kufuata latitudo moja: kosaini inaingia wapi
15:40 Nautical miles na knots
19:05 Swali la mtihani, hatua kwa hatua

Angalia sura ya 9:20. Haikuitwa "Sehemu ya pili". Imeitwa kwa jina la mahali ambapo watu hukwama, na Google yenyewe, nje ya YouTube, inaweza kuionyesha sura hiyo kama jibu na kumpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye dakika ya tisa. Mwenye bando dogo atakushukuru, kwa sababu hatalipia dakika tisa asizozihitaji.

Lebo (tags), zile zenye kikomo cha herufi 500, zisikupotezee muda. YouTube imeeleza wazi kwamba mchango wake ni mdogo na husaidia hasa pale jina linapokosewa tahajia. Weka tano, mojawapo iwe "logarithim" ikiwa ndivyo wanafunzi wako wanavyoandika, uendelee na kazi nyingine.

Picha ya jalada inahitaji uangalifu, lakini si ule unaofundishwa na watu wa burudani. Vipimo ni 1280 kwa 720, na ikiwa chini ya MB 2 haikupi shida. Ili uweke picha yako mwenyewe ni lazima chaneli ithibitishwe kwa namba ya simu. Uthibitisho huohuo ndio unaokuruhusu kupandisha video ya zaidi ya dakika 15. Usiweke maandishi kwenye kona ya chini kulia, kwa sababu hapo ndipo YouTube inapobandika urefu wa video na yatafunikwa. Andika maneno matatu au manne makubwa, na badala ya sura ya mwalimu aliyeachama mdomo weka mchoro au mlinganyo wenyewe. Mwanafunzi aliyetoka kuuona mchoro huo kwenye karatasi ya mtihani ataufahamu kabla hajasoma neno lolote. Ukiona takwimu ya watu wanaobofya ni asilimia 4 usiogope. YouTube inasema nusu ya chaneli zote ziko kati ya asilimia 2 na 10.

Picha ya ndani ya somo ina uzito zaidi. Wanafunzi wengi hushusha ubora hadi 360p ili bando lifike mwisho wa wiki. Ubao mweupe uliopigwa na taa, kalamu ya kijani, maandishi madogo: yote hayo kwa 1080p yanasomeka, kwa 360p yanakuwa ukungu. Kabla hujaitangaza video, ifungue kwenye simu ya bei ndogo kwa 360p, uishike kwa urefu wa mkono, usome kipeo cha pili na alama ya digrii. Kama huvioni, kalamu iwe nyeusi na nene, na ubao mmoja ubebe mistari isiyozidi sita. Mtazamaji akiondoka kwa sababu haoni, YouTube huenda ikaona kwamba video haikumfaa na kupunguza kuipendekeza.

Kuna mipangilio mitatu inayoua somo zuri kimyakimya.

Wa kwanza ni wa mwonekano. Mwalimu anaiweka video kama isiyoorodheshwa ili awatumie wanakundi wake kiungo, kisha anasahau kuibadilisha. Video isiyoorodheshwa haitokei kwenye utafutaji, hata liwe na jina zuri kiasi gani. Ni mpangilio unaofaa kwa masomo ya kulipia, ingawa ukumbuke kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kukisambaza, na mtu akiiweka video hiyo kwenye orodha iliyo wazi wengine wataiona.

Wa pili unawaumiza walimu wa sekondari kwa sababu ya uadilifu wao. YouTube inauliza ikiwa video imetengenezwa kwa ajili ya watoto, nao wanajibu ndiyo, maana wanafunzi ni watoto. Swali hilo lina mizizi kwenye sheria ya Marekani inayolinda watoto walio chini ya miaka 13, na limekuwa na nguvu tangu Januari 2020. Ukijibu ndiyo unapoteza maoni, kadi na skrini ya mwisho (viungo vya video nyingine vinavyotokea katikati na mwishoni mwa video), kengele ya taarifa, na mtazamaji hawezi kuihifadhi video kwenye orodha yake. Kidato cha pili si umri huo. Lakini anayefundisha darasa la kwanza kusoma silabi hana budi kujibu ndiyo, na akubali kwamba kwake YouTube ni mlango mwembamba zaidi, kwa kuwa wanaomtafuta ni wazazi. Majina ya video zake yawe ya mzazi: "Mtoto anachanganya b na d, afanye nini".

Wa tatu ni kumbukumbu ya darasa la moja kwa moja. Ni jambo jema kurusha kipindi hewani kisha kikabaki kwenye chaneli, ila kinabaki pamoja na dakika 12 za "mnanisikia?", salamu, na kusubiri waliochelewa. Mgeni hawezi kuvumilia hayo. Studio ina kihariri kinachokata mwanzo bila kubadilisha kiungo wala kufuta maoni, mradi video isizidi saa sita. Mabadiliko huchukua muda, pengine saa kadhaa, hivyo usikate usiku wa kuamkia mtihani. Afadhali zaidi ni kukata kipindi cha saa mbili kuwa masomo manne, kila moja na jina lake. Saa mbili zenye jina moja hupatikana kwa jina moja tu.

Orodha za video ndizo zinazomfanya mwanafunzi abaki kwako. Video yako moja ikiisha ovyo, inayofuata ni ya mtu mwingine, au si ya masomo kabisa, na huo ni udhaifu wa kweli wa YouTube ambao hakuna mpangilio unaouondoa wote. Orodha inaupunguza: anayeanza video ndani ya orodha anapelekwa kwenye inayofuata ya orodha hiyo. Orodha nayo ina jina na maelezo yake na inaweza kutokea kwenye matokeo. Ipange kwa mfuatano wa mtaala, kidato kimoja orodha moja, wala usiwe na orodha inayoitwa "Masomo yangu". Tahadhari kwa walioko Tanzania: mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na mada kadhaa zimehama au zimebadilishwa majina. Kenya nayo inaelekea kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya mwisho ya 8-4-4 mwaka 2027. Orodha zenye majina ya zamani zitaendelea kuhitajika na wanaorudia mitihani, kwa hiyo usizifute. Tengeneza mpya pembeni na useme kwenye maelezo ni ya mtaala upi.

Na upandishe mapema. Mitihani ya kidato cha nne hufanyika Novemba. Video inahitaji wiki nyingi za kutazamwa kidogo kidogo kabla mfumo haujaiamini, hivyo mada zinazotoka sana zikae hewani kufikia Julai. Inayopandishwa Oktoba mwishoni huwa inafanya kazi mwaka unaofuata.

Sasa upande dhaifu. YouTube haikuambii nani alitazama, haina fomu ya kujiandikisha kwa darasa lako, haipokei ada, na haijui darasa lako linaanza lini. Kumvusha mtazamaji kuja darasani ni kazi yako. Njia iliyonyooka hapa kwetu ni kiungo cha WhatsApp kwenye mstari wa pili wa maelezo, na hapo makosa ni mengi. Muundo ni wa.me/ ikifuatiwa na namba ya nchi, 255 au 254, halafu tarakimu tisa, bila alama ya jumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Anayeandika wa.me/07 na kuendelea ametengeneza kiungo kisichofika popote. Unaweza kuongeza ujumbe uliokwisha kuandikwa, kwa mfano ?text=Hisabati%20Form%203, ili anayekuandikia ujue mara moja ametoka kwenye somo gani. Kwa chaneli mpya viungo vya nje kwenye maelezo havibofyeki mpaka upate vipengele vya juu, vinavyotaka uthibitisho wa ziada kama kitambulisho au historia nzuri ya chaneli. Wakati unasubiri, andika namba kwa tarakimu kubwa kwenye skrini sekunde 20 za mwisho, mahali ambapo skrini ya mwisho haitaifunika.

Video fupi za Shorts, ambazo tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika tatu, zinaleta macho mengi na wanafunzi wachache. Tangu 31 Agosti 2023 viungo kwenye maelezo na maoni yake havibofyeki. Kinachofaa ni kuiunganisha Short na video ndefu kwa sehemu ya "video inayohusiana" iliyopo Studio: onyesha kosa moja kwa sekunde 40, kisha mpeleke kwenye somo kamili. Ukiitumia peke yake utapata hesabu za kufurahisha na darasa tupu.

Wengi hutuuliza kuhusu Udemy. Ni soko la kozi za video zilizorekodiwa, si mlango wa darasa la moja kwa moja. Kozi lazima iwe na angalau dakika 30 za video na masomo matano, jina lisizidi herufi 60, na mgao ndio unaosema ukweli wake: mauzo yanayokuja kwa kuponi au kiungo chako mwenyewe hukupa asilimia 97, yale ambayo Udemy imekutafutia hukupa 37. Maana yake ni kwamba asiye na hadhira bado atalipa sana kuipata. Kwa anayewafundisha wageni Kiswahili kwa Kiingereza, na wanafunzi wake wana kadi za benki, Udemy inastahili kujaribiwa sambamba na YouTube. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelipiwa ada na mama yake kwa simu, haifai.

Kinachokamilisha YouTube vizuri ni ukurasa mmoja wa wavuti kwa kila darasa, hata wa Google Sites usio na gharama, ukiwa na video ya somo la mfano ndani yake. Uthibitishe kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ubandike anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi, uombe uorodheshwe. Usiweke madarasa yote kwenye ukurasa mmoja kwa sababu ileile ya saa mbili zenye jina moja. Na usihangaike kufungua wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google: masharti yake yanataka biashara inayokutana na wateja ana kwa ana, na darasa la mtandaoni tupu halikubaliki.

Kwenye ukurasa huo andika kidato, mada za wiki nne za kwanza, lugha utakayoelezea, ada na namna ya kulipa, siku, na saa. Saa uiandike kwa namna mbili, "saa 2:00 usiku, yaani 20:00, saa za Afrika Mashariki", kwa sababu simu nyingi zimewekwa kwa mfumo wa Kiingereza na mwanafunzi akiweka kengele ya saa 2 atakuja saa nane. Mwanafunzi wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi yuko nyuma yako kwa saa moja, wa Muscat yuko mbele kwa saa moja, na aliye Berlin hubadilika mara mbili kwa mwaka: nyuma saa mbili majira ya baridi, saa moja majira ya joto. Wiki ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, mkumbushe kabla ya kipindi.